Ufa wa Nusu Punje ya Mchele

Siku ya kuniaga mlinikatia keki, mkanifunga leso mabegani, na kijana aliyeshika kipaza sauti akasema kwamba Mzee Hamisi amekaa gereji hii miaka thelathini na mitano na hajafanya Katana hata siku moja. Mkacheka. Nami nikatabasamu, kwa kuwa mdomo wangu umezoea kutabasamu mahali hapa. Nilipofika nyumbani Likoni nikaivua leso, nikaketi nayo mapajani, na hasira ikaniingia ambayo mpaka leo ninapoandika haijatoka.

Mliniomba niwaandikie machache ya kazi. Nitayaandika. Ya vyeo na mshahara siandiki, hayo mtayapata wenyewe au hamtayapata. Lakini lazima nimwandike Katana, kwa sababu dereva akifunga breki vibaya mwamwambia "usitufanyie Katana," na hakuna hata mmoja wenu aliyepata kumwona mtu huyo. Mimi nilimjua. Naanza mwanzo ili muelewe tulivyofika hapa.

Nilikuja hapa Changamwe na cheti cha darasa la saba na viatu vya kuazima. Fundi mkuu wa bodi alikuwa Mzee Chengo, mtu mfupi, mkavu, asiyependa maneno. Siku ya kwanza nilitarajia nyundo. Akanipa madigadi ya lori, akaniambia nifumbe macho nipitishe kiganja. Nikapitisha. Akaniuliza bonde liko wapi. Nikamwambia sioni bonde. Akasema ndiyo maana nimekwambia ufumbe macho, macho hudanganywa na rangi. Wiki tatu sikugusa nyundo. Nilipapasa mabati kama mtu anayenunua kitambaa asichokuwa na nia ya kukinunua, na madereva wakinipita wananiuliza kama bati limekubali posa.

Baadaye nilishukuru. Kiganja changu kilijifunza kuona, na mpaka leo nikishika mlango wa gari najua kama uligongwa, hata kama aliyeupaka rangi ni fundi hodari. Fanyeni hivyo. Simu zenu zina tochi nzuri, lakini tochi nayo huona rangi tu.

La pili alilonifundisha ni ufa. Chesisi ya lori, ule uti wake wa chuma, hupasuka taratibu, na ufa unaouona kwa macho si ufa wote. Pakeni mafuta ya taa, yafuteni yakauke, kisha pakeni chaki. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yatatoka yenyewe yachore mstari kwenye chaki, na hapo ndipo mtakapoona unapoishia. Mwisho wake toboeni tundu dogo ili ufa usizidi kwenda. Kisha chongeni, chomeleeni, na mtie kipande cha chuma juu yake. Kazi ya siku moja na nusu. Shikeni hesabu hiyo, siku moja na nusu, nitairudia.

Saa ya chakula Mzee Chengo hakulala kama wengine. Alikaa nyuma ya stoo akikata mikebe ya mafuta ya kupikia kwa mkasi wa bati, na kutoka kwenye mikebe ile yakawa yanatoka malori. Hayakuwa magari ya waya ya kukokota. Yalikuwa malori ya kweli, madogo, ya kukaa mkononi, milango ikifunguka, usukani ukigeuza magurudumu. Matairi aliyakata kwenye ndara kuukuu. Kipimo chake kilikuwa kimoja maisha yake yote: inchi moja ya kigari ni futi mbili za gari. Nikamwuliza kwa nini asikisie tu, nani atapima. Akaniangalia kama niliyetema mate kwenye chakula.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye vigari. Kila Jumapili alasiri tulikutana Mtopanga, kwenye baraza la Bi Rukia. Bi Rukia ni mshonaji, na yeye ndiye aliyetushonea viti na maturubai ya malori yetu kwa mabaki ya vitambaa. Walikuwapo wengine wawili watatu waliokuja na kwenda, lakini wa kudumu tulikuwa wanne: Mzee Chengo, Bi Rukia, mimi, na Katana.

Katana alikuwa dereva wa lori hapa hapa gereji, kijana wa Kisauni, mrefu, mwenye sauti ya kwaya. Jumapili alikuja moja kwa moja kutoka kanisani na shati lake jeupe, akalivua, akalitundika msumarini, akabaki na fulana ili asilichafue kwa gundi. Mkewe, Kadzo, alikuwa akimtania kwamba Mungu anapewa saa mbili na mikebe inapewa siku nzima. Mkono wake haukuwa mwepesi kwenye bati, lakini hakuna aliyejua magari kuliko yeye. Alijua kila springi inavyolia.

Baraza lile lilikuwa na desturi moja, na msipoielewa hamtaelewa lolote katika haya. Mtu akileta kigari kipya, hakisifiwi kwanza. Hupitishwa mkono kwa mkono, na kila mmoja lazima akipindue, aangalie chini. Juu kila mtu anaweza. Chini ndiko utakakojua kama mtu amepima au amekisia. Na sharti lilikuwa kigari kiwe kama gari lilivyo, si kama lilivyotoka kiwandani. Likiwa na bonde, utie bonde. Siku moja nilimpelekea Bi Rukia kitambaa kizuri cha turubai. Akakishika kwa vidole viwili.

"Hamisi, turubai la lori lile lina viraka vitatu, nimeliona barabarani kwa macho yangu. Waniletea nguo ya harusi?"

Akashona turubai na viraka vitatu, kila kiraka mahali pake. Mzee Chengo alicheka siku ile. Ninaikumbuka kwa sababu hakucheka mara nyingi.

Sasa nifike kwenye lori. Ni miaka kumi imepita. Tajiri, mwenye gereji hii, alikuwa na lori la kijani alilolipenda, na Katana ndiye aliyeliendesha. Tukaamua mimi na yeye tulitengenezee kigari. Kupima ni kazi ya watu wawili: mmoja analala chini ya gari na utepe anasema namba, mwingine anaandika. Katana alilala chini, mimi nikakaa juu ya tairi na daftari. Alikuwa akiimba namba zile kama nyimbo za kanisa. Kisha akanyamaza. Nikamwuliza kama amelala.

"Andika," akasema. "Ufa. Kulia, nyuma ya hanga ya springi. Inchi tatu."

Nikashuka nikaangalia. Hanga ni lile bano linaloishika springi kwenye chesisi, na mzigo wote wa nyuma hupita hapo. Nilipaka mafuta ya taa na chaki. Ulikuwa inchi tatu kamili. Nikaandika.

Nilikwenda kwa tajiri siku ile ile. Nilimwambia lori lisitoke, nipewe siku moja na nusu. Akasema mzigo wa saruji unangoja na wenye mzigo hawangoji. Akaniambia nipige rangi nyeusi chini yote liwe safi, na likitulia safari tutalishughulikia. Nikamwambia rangi haizibi ufa. Akasema anajua, hakuniuliza habari za kuziba. Nikapiga rangi. Katana alikuwa amesimama pale na funguo mkononi. Akasema basi atakwenda polepole, na kweli, tangu siku ile alikwenda polepole mpaka matandiboi waliopanda naye wakamwita bibi harusi.

Lori halikutulia safari. Lilitoka na kurudi, likatoka na kurudi, na kila nilipomkumbusha tajiri alinijibu kwa upole. Upole ule ndio ulionimaliza. Mtu akikufokea utajua umekataliwa. Huyu alinipa chai.

Huku nyumbani naunda kigari. Nilikifanya miezi miwili, na nasema bila kujisifu kwamba ndicho kigari bora kilichopata kutoka mikononi mwangu. Nilipofika chini, kwenye chesisi, nikafungua daftari nikasoma: ufa, inchi tatu. Kwa kipimo chetu inchi tatu huwa nusu ya punje ya mchele. Nikauchora kwa ncha ya kisu. Ukaonekana mbaya. Ulionekana kama mkono wangu umeteleza. Na wakati ule palikuwa na maonyesho ya vigari Nyali, kwenye jumba moja la maduka, nasi tulikuwa tumealikwa mara ya kwanza. Nikafikiri watu watadhani mimi ndiye niliyeharibu. Nikaujaza kwa risasi ya kulehemu, nikapiga tupa, nikapaka rangi nyeusi.

Rangi ya lori niliagizwa. Rangi ya kigari sikuagizwa na mtu.

Jumapili nikakipeleka Mtopanga. Kikapita mkono kwa mkono. Bi Rukia akakipindua, lakini yeye hakuwa amelala chini ya lori, hakujua la kutafuta. Mzee Chengo macho yalikuwa yameingia ukungu wakati ule, haoni vitu vidogo, na kiganja chake kilikuwa kimeanza kutetemeka. Akampa Katana.

"Chini kukoje, Katana?"

Katana alikipindua. Macho yake yakaenda kulia, nyuma ya hanga. Kisha akaniangalia mimi, na nikajua ameona.

"Chini kuko sawa, Mzee," akasema.

Mzee Chengo akanipa mkono. Hakuwa akitoa mkono ovyo. Katana alinisitiri mbele ya mwalimu wangu, na ndivyo alivyokuwa. Tulipotoka, njiani, akanishika bega.

"Ufa wangu uko wapi?"

Nikamwambia watu wa Nyali hawapindui gari.

"Mimi napindua. Nimemdanganya mzee kwa ajili yako, yakhe. Utie kabla hujakwenda Nyali."

Nikamwambia inshallah. Mnajua sisi tunavyoweza kulitumia neno hilo vibaya. Sikuutia.

Nyali kigari kilisifiwa sana. Wale wenzetu wa kule hununua magari yao kwenye maboksi, vipande tayari, na gundi za aina kumi na miwani ya kukuzia. Wengine ni watu wema, na mmoja alinifundisha kuchanganya rangi kwa namna ninayoitumia mpaka leo. Akaniuliza kigari changu kimetoka kiwanda gani. Nikamwambia kiwanda cha mafuta ya kupikia. Hakuna aliyekipindua. Tajiri naye alikuja, akaliona lori lake dogo limezungukwa na watu, akaniomba likae ofisini. Likawekwa kwenye kabati la kioo. Ndilo hilo mnaloliona mkienda kuomba ruhusa.

Miezi michache baadaye, asubuhi, kwenye mteremko wa kuja Miritini, lori la kijani lilikatika chesisi nyuma ya hanga ya springi ya kulia. Ekseli ya nyuma ikakaa upande. Lori likalala na saruji yake yote, na Katana ndani.

Nilikwenda pale. Sitaandika nilichokiona isipokuwa kimoja, kwa kuwa ni cha kazi. Mpasuko wa chuma ukiwa mpya wote hung'aa. Ule ulikuwa na sehemu iliyong'aa na sehemu yenye kutu, na pembeni mwa kutu palikuwa na mstari mweusi wa rangi yangu. Niliitambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

Baada ya siku nne lori lilikuwa limekatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu. Siku nne. Lori likiwa zima siku moja na nusu haikupatikana.

Maneno yakaanza. Mara alikuwa akikimbia, mara alikuwa amelewa mnazi. Katana hakuwahi kuonja mnazi, jamaa zake walikuwa wakimcheka kwa hilo kila harusi. Kadzo alikataa kunyamaza. Alikuja gereji na nguo zake nyeusi, na mtu wa bima alipokuja kuuliza maswali akamwambia mumewe alikuwa akisema lori halina afya. Mtu wa bima akamwuliza ugonjwa gani. Kadzo hakujua.

"Muulizeni Hamisi," akasema. "Hamisi ni fundi, na ni rafiki yake. Huyo hasemi uwongo."

Nikaitwa ofisini. Kadzo akabaki nje kwenye benchi. Tajiri alikuwa nyuma ya meza anakoroga chai. Mtu wa bima alikuwa kijana mwenye adabu, akanipa shikamoo. Kabla hajauliza, tajiri alisimama, akafungua kabati la kioo, akaweka kigari mezani. Akaeleza kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mafundi wake hawa wana mchezo wao, wanapima lori lenyewe kwa utepe, na hawaongezi wala hawapunguzi, kila bonde na kila kiraka. Akamwonyesha turubai la Bi Rukia.

Kijana yule akaniuliza kama mimi ndiye niliyekitengeneza. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nililipima lori lenyewe. Nikasema ndiyo. Kisha akakipindua. Ndiye mtu wa kwanza nje ya baraza letu niliyemwona akipindua kigari. Akapitisha kidole gumba kwenye chesisi, mwanzo mpaka mwisho.

"Na mnatengeneza kama gari lilivyo?"

"Ndivyo tunavyofanya," nikasema.

Hilo tu. Wala si uwongo. Ndivyo tulivyofanya, siku zote, isipokuwa mara moja. Akaandika. Sisemi karatasi yake ilitokana na kigari peke yake, pengine ingeandikwa vile vile. Lakini mimi nilikuwa na ufa ule kwenye daftari, kwa mwandiko wangu, nyumbani, ndani ya mkebe wa biskuti, na sikuutaja.

Mtasema niliogopa kufukuzwa. Niliogopa, ndiyo, lakini kidogo. Nimejichunguza miaka tisa na nawaambia ukweli ulivyo. Nilichoogopa zaidi ni kusema mbele ya watu kwamba nilikidanganya kigari. Ningesema lori lina ufa, wangeniuliza mbona kigari hakina, na habari ingefika Mtopanga, na Mzee Chengo angejua alinipa mkono kwa ajili ya nini. Rafiki yangu alikuwa kaburini na mimi nalinda sifa ya mkebe.

Nilipotoka, Kadzo alisimama.

"Umewaambia?"

"Wameniuliza, nimewajibu."

Akanishukuru. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Karatasi ilipokuja ilisema mwendo wa kasi. Mtu aliyekuwa akiendesha polepole mpaka akaitwa bibi harusi. Tajiri alipeleka gunia la mchele kwenye matanga na watu wakamsifu. Baada ya muda kidogo madereva wapya wakaanza kutumia jina lake. Nakumbuka mara ya kwanza: mmoja aligonga lango, mwingine akamwambia usitufanyie Katana. Nilikuwa hapo na nyundo mkononi. Niliendelea kupiga bati. Neno likashika, likarithiwa, na ninyi mkalikuta hapa kama mlivyolikuta birika la chai.

Mzee Chengo alifariki miaka miwili baadaye, bado anaamini chini kuko sawa. Nilimwosha mimi pamoja na wanawe. Nilitaka kumwambia masikioni. Sikusema hapo pia.

Na kila Krismasi nilikwenda kwa Kadzo, naye akanipikia pilau. Wageni wengine wakija aliwaambia, huyu Hamisi ndiye peke yake aliyesema ukweli ofisini, ila hawakumsikiliza. Nilikuwa nikiinamia sahani.

Basi mkaniaga, na kijana akasema alilosema, nikarudi nyumbani na leso. Kesho yake nikatoa daftari kwenye mkebe wa biskuti, nikatoa mkasi wa bati wa Mzee Chengo alionirithisha, nikaanza lori lile upya. Mikono si ile ya zamani, milango ya hili haifungi vizuri. Bi Rukia sasa anashona kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Nilimweleza yote kabla sijamwomba turubai. Alichukua kitambaa akashona mpaka akamaliza kiraka cha tatu. Kisha akasema Katana alikuwa mtu mzima na mimi nilikuwa mtoto, ingawa umri ulikuwa kinyume chake. Akanipa turubai, hakunisindikiza.

Nikaenda kwa Kadzo. Nikaweka kigari mezani, na daftari kando yake limefunguliwa mahali penyewe. Hakusifu. Alikichukua akakipindua, kwa kuwa amekaa na Katana miaka mingi na anaijua desturi. Akapitisha ukucha taratibu kwenye chesisi, ukucha ukanasa.

"Hapa ndipo?"

"Ndipo."

"Na lile la ofisini?"

"Lile halina. Niliuziba mimi."

Akasoma daftari. Katika ukurasa ule, namba zote ni mwandiko wangu, lakini chini kabisa Katana alikuwa amechora uso unaocheka, na kidole chake cha grisi kimeacha alama. Aliweka kidole chake juu ya alama ile.

"Siku ile nilipokuuliza nje, hukuwa umesema."

"Sikusema."

"Miaka tisa nawaambia watu Hamisi alisema, wakampuuza."

"Najua."

"Na umekula kwangu."

"Nimekula."

Jikoni palikuwa na sufuria motoni, harufu yake yote ilikuwa imefika tulipoketi. Akainuka akaifunika.

"Sikufukuzi, Hamisi. Lakini leo hapa hapana chakula chako. Daftari niachie. Kigari kipeleke pale ulipoulizwa, ukaseme ulichoulizwa."

Nikakipeleka. Askari wa langoni alinifungulia, bado ananiita mzee. Tajiri alinikaribisha, akaagiza chai. Nikakataa chai, mara ya kwanza. Nikamwambia nataka hiki kikae kwenye kabati mahali pa kile, na kwamba Kadzo analo daftari, na akitaka kulipeleka mbele nitakwenda naye na kusema kila neno. Akakipindua. Akaona. Hakujifanya haoni, hilo nampa.

"Mimi nilikwambia upige rangi, Hamisi," akasema. "Nilikwambia lini unyamaze? Aliyeulizwa ni wewe."

Nimekuwa na hasira na mtu huyo miaka kumi, na bado ninayo, na nikifa nitakufa nayo. Alilituma lori lile barabarani akijua, na alikitoa kigari kile kabatini akijua. Lakini neno hilo moja alilolisema lilinichoma kuliko yote aliyoyafanya, kwa sababu ni kweli. Akasema kabati halina nafasi. Nikatoka na lori langu mkononi.

Nimeliacha kwenu, wanangu. Liko karakana, juu ya sanduku la spana, kando ya birika, mahali ambapo kila mtu anapita. Mtu akiliondoa mtajua ni nani na kwa nini. Siwaombi mnisamehe, wala si ninyi wa kunisamehe. Nawaomba mfumbe macho kabla ya kushika nyundo, mpake chaki kabla ya kuamini, na mkiambiwa siku moja na nusu haipo, mkatae na lori lisitoke. Na yeyote atakayesema tena kwamba fulani amefanya Katana, mpelekeni pale kwenye birika, mpeni lile lori, na mwambieni alipindue.

Kulia, nyuma ya hanga ya springi. Ukucha utanasa. Safari hii sikupaka rangi.